Kompyuta Moja, Wapangaji Kumi na Wanane



Kamati ya jarida imetutaka tuandike juu ya ile kompyuta nyeusi iliyo pembeni mwa chumba cha kompyuta, isiyo na skrini wala kibodi, ambayo wengi wenu mmekuwa mkiuliza kwa nini inawaka mchana kutwa na hakuna mtu aliyekaa mbele yake. Tumekubali kwa furaha, kwani swali hilo hilo tunaulizwa na wazazi, na kulijibu mara moja kwa maandishi ni rahisi kuliko kulijibu kila siku mlangoni.

Sisi ni wanne. Sote tulisoma hapa, kisha kila mmoja akaenda chuo chake kusomea mambo ya kompyuta. Tulipomaliza tukajikuta tunajua habari za seva kuliko tunavyoijua seva yenyewe. Wawili wetu walikwenda kwenye usaili wa kazi, kila mmoja pahala pake, na wote wawili wakaulizwa swali la namna moja: umewahi kusimamisha seva inayotumiwa na watu, ikaanguka, ukaiinua? Kwenye vyeti jibu lilikuwapo, kwenye mikono halikuwapo. Na litakuwapo vipi? Hakuna ofisi itakayomkabidhi kijana seva yake aivunje apate kujifunza. Kukodi seva za mtandaoni kunalipwa kwa dola kila mwezi, na mwezi haumngoji asiye na mshahara. Kununua kompyuta nne au tano kwa kila mmoja wetu ndiyo kabisa, hata kuzitaja ni mzaha.

Njia iliyobaki ilikuwa mashine pepe. Tuliamua kuweka pesa pamoja, na tuliweka kwa miezi minane. Sehemu kubwa iliyokuwa inapungua ilitoka kwa mama wa mmoja wetu, ambaye zamu yake ya upatu ilifika mwezi huo. Kabla ya kutoa alituita tukae chini tumweleze. Tukamwambia kwamba tunanunua kompyuta moja, na ndani yake tutapata kompyuta kumi na nane. Bi mkubwa akatutazama mmoja mmoja.

"Mimi nikinunua kuku mmoja napata mmoja. Nyinyi mnanunua wapi?"

Mwanawe akamweleza taratibu. Mashine pepe, mama, ni kompyuta isiyoshikika. Iko programu inayokata uwezo wa kompyuta ya kweli vipande vipande, na kila kipande kikaamini kwamba chenyewe ni kompyuta kamili. Kina mfumo endeshi wake, diski yake, anwani yake ya mtandao. Kikiharibika, majirani zake hawana habari. Mama, ambaye ana nyumba ya vyumba sita Ng'ambo na anaishi kwa kodi yake, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema neno ambalo tumelitumia tangu siku ile kila tunapofundisha: "Basi hiyo ni nyumba ya kupangisha. Semeni hivyo mapema."

Kwa hakika ndivyo ilivyo, na wazo lenyewe ni kongwe kuliko sisi na pengine kuliko baba zetu. Mwaka 1967 watu wa IBM huko Cambridge, Massachusetts, walikuwa na mfumo uliokuwa ukiigawa kompyuta moja kubwa kwa watumiaji kadhaa, kila mmoja akiiona kama yake peke yake. Wakati huo kompyuta ilikuwa ya kujaza chumba, na kuigawa kulikuwa ni lazima. Kompyuta za mezani zilikaa miaka mingi bila ya jambo hilo. Mwaka 1999 kampuni ya VMware ilitoa programu yake ya kwanza ya kufanya hivyo kwenye kompyuta ya kawaida, kwa ujanja mwingi, kwa sababu prosesa za siku zile hazikutengenezwa kwa kazi hiyo. Intel ikaongeza msaada huo ndani ya prosesa zake kuanzia mwaka 2005, AMD mwaka 2006, na mwaka 2007 Linux ikawa na uwezo huo ndani ya kiini chake kwa jina la KVM. Tangu hapo kijana mwenye kompyuta moja ya mezani anaweza kufanya lile lililokuwa la mashirika makubwa.

Sasa tuje kwenye mas-ala yenyewe: ukiwa na pesa isiyotosha, unanunua nini kwanza?

Watu wengi huanza na prosesa. Ukiingia dukani ndilo jambo la kwanza unaloulizwa, na ndilo lililoandikwa kwa herufi kubwa kwenye kasha. Sisi tulianza na karatasi. Tuliandika kila mpangaji tutakayemweka na kiasi cha memori (mafundi wanaiita ramu) atakachohitaji. Kila mmoja wetu alitaka seva moja ya Windows, tukaipa GB 4. Seva mbili za Linux, GB 2 kila moja. Kompyuta moja ya mtumiaji wa kawaida yenye Windows 11, ambayo wenyewe Microsoft wanasema isipewe chini ya GB 4. Jumla ya mtu mmoja ni GB 12, na sisi wanne ni 48. Ongeza mashine mbili za shirika, moja ya kulinda mtandao na nyingine ya kuhifadhi mafaili, GB 2 kila moja. Ongeza GB 4 za mwenye nyumba mwenyewe, yaani ule mfumo unaowasimamia wote. Jumla GB 56. Memori huuzwa kwa vipimo vyake, na kipimo kinachofuata ni 64. Hapo tukawa tumejua jambo la kwanza na kubwa kuliko yote, kabla hatujataja prosesa hata moja.

Kwa nini memori ije mbele? Rudini kwenye nyumba ya mama. Jiko liko moja, uani, na wapangaji sita wanalitumia. Huyu anapika asubuhi, yule mchana, na wakigongana mmoja anangoja kidogo. Hakuna aliyewahi kuhama kwa sababu hiyo. Ama chumba ni jambo jingine. Huwezi kumwambia mpangaji alale kwa zamu. Prosesa ni jiko, memori ni vyumba. Mashine kumi na nane tulizipa kila moja prosesa mbili pepe, jumla 36, juu ya prosesa ya kweli yenye nyuzi 16 tu, na hazilalamiki, kwani sehemu kubwa ya siku seva ya mwanafunzi imelala inangoja kuulizwa kitu. Lakini ikilala haiachi memori yake. Imeishikilia vile vile, kama mpangaji aliyesafiri na ufunguo.

Upo ujanja wa kupunguza. Linux inaweza kutafuta kurasa za memori zinazofanana baina ya mashine mbili ikaweka nakala moja, na inaweza kumwomba mpangaji arudishe asichotumia kwa sasa. Tunautumia, na unasaidia, ila hatukuuhesabu tulipokuwa tunapanga bajeti, kwa sababu hausaidii siku ambayo wote wameamka pamoja. Memori ikiisha kabisa, mfumo huanza kuandika kwenye diski yale yaliyotakiwa kukaa kwenye memori, na kila kitu kinakuwa kizito kama mtu anayetembea baharini maji yakiwa kifuani. Ikizidi, Linux huchagua programu moja na kuiua ili nyingine ziishi. Programu kubwa kuliko zote huwa ni mashine ya mtu.

Tukasema basi: vipande viwili vya GB 32, visivyotofautiana, kwenye mazabodi yenye nafasi nne. Viwili kwa sababu prosesa husoma memori kwa njia mbili kwa pamoja, na kipande kimoja kikubwa huiacha njia moja tupu. Nafasi nne kwa sababu ya kesho. Mazabodi yenye nafasi mbili ilikuwa rahisi zaidi, na mmoja wetu aliitetea sana. Tulimwuliza tukitaka kuongeza tutaongeza wapi, na ikabidi angekuja kuvua vipande viwili vizima aviuze kwa hasara. Akaacha.

Katika kipindi hicho tulikwenda kwa fundi mmoja mtu mzima hapa mjini ambaye amefungua na kufunga kompyuta tangu zile za diski laini. Yeye alitupa shauri lililotugawa kwa wiki mbili.

"Wanangu, msinunue mpya. Nunueni mtumba wa Dubai, zile kompyuta kubwa za maofisi. Memori nyingi kwa pesa kidogo mtaipata wapi kwengine?"

"Ni kweli, ami," tukamjibu, na ni kweli. Kompyuta za aina ya HP Z440, kwa mfano, zina nafasi nane za memori, na memori yake ni ya seva, ile inayogundua na kusahihisha makosa madogo yenyewe. Ndani yake unaweza kuweka prosesa ya Xeon kama E5-2680 v4 ya mwaka 2016, yenye viini 14 na nyuzi 28. Ofisi za Ulaya na Ghuba zinapobadilisha vifaa vyao, mashine hizi huuzwa kwa bei ya kutupa, na baadhi yake hufika mpaka kwetu. Kwa kazi ya mashine pepe, mtu aliyezibuni ni kama alitufikiria sisi.

Wawili wakawa upande wa fundi, wawili upande wa vipya. Hatukupiga kura, kwani kura ya wawili kwa wawili haina mshindi. Tulikaa tukaandika kila upande na sababu zake. Upande wa mtumba ulishinda kwenye memori, kwenye viini na kwenye bei, yaani kwenye yote tuliyokuwa tumeanza nayo. Upande wa vipya ulikuwa na mambo mawili tu. La kwanza ni umeme. Prosesa ile imepimwa kwa wati 120, na zile mpya tulizokuwa tunazitazama kwa wati 65. Kwa mashine inayowaka saa mbili tatu tofauti hiyo si kitu, lakini hii yetu ingewaka mchana kutwa, kwenye chumba kisicho na kiyoyozi, na bili ya umeme inalipwa na madrasa. Tuliona si uungwana kupunguza gharama yetu kwa kuwaongezea waliotupa chumba. La pili ni vipuri. Pawa saplai na mazabodi ya kompyuta zile ni za umbo la kampuni yenyewe. Ikifa moja, huendi duka la jirani ukarudi na nyingine. Unangoja mtumba mwengine uje na meli. Kompyuta ya vipande vya kawaida hufufuliwa siku hiyo hiyo.

Tukachagua vipya. Hatusemi kwamba fundi alikosea. Mtu mwenye umeme wake mwenyewe, au mwenye kuwasha saa chache jioni, na pesa yake ikawa nusu ya yetu, sisi wenyewe tungemshauri achukue mtumba na asitazame nyuma. Na kuhusu memori inayosahihisha makosa, tulikubali kuikosa kwa sababu kilichomo ni mazoezi. Lau ingekuwa ni kompyuta ya mishahara au ya kumbukumbu za wagonjwa, tusingekubali.

Prosesa basi. Tulitaka vitu vitatu: viini vya kutosha, msaada wa mashine pepe, na picha ndani yake. Hilo la tatu liliwashangaza rafiki zetu wanaocheza michezo ya kompyuta, ambao kwao kompyuta bila ya kadi kubwa ya picha si kompyuta. Sisi hatuhitaji kadi. Mashine zetu tunazifikia kwa mtandao, kutoka kwenye kompyuta nyingine, na skrini tunaichomeka siku ya kuweka mfumo tu. Lakini siku hiyo lazima picha itokee, na zipo prosesa ambazo hazina picha kabisa: zile za Intel zenye herufi F mwishoni, na nyingi za AMD za kabla ya mwaka 2022. Ukinunua moja kati ya hizo ni lazima ununue na kadi. Tukachukua Ryzen 7 5700G, iliyotoka mwaka 2021, ina viini 8 na nyuzi 16, picha zimo ndani, na feni yake inakuja nayo kwenye boksi. Kasoro yake ni kwamba picha hizo hukopa memori kutoka kwenye zile GB 64. Tuliingia kwenye mipangilio tukalipunguza deni hilo mpaka nusu GB.

Zilikuwapo mpya zaidi. AMD walikuwa wameshatoa soketi yao ya AM5 mwaka 2022, ambayo inatumia memori za DDR5, na muuzaji mmoja alituambia kununua AM4 ni kununua kaburi. Sisi tulinunua mwaka 2023, na wakati huo tofauti ya bei ya mazabodi na memori peke yake ilitosha kununua diski. Tukachukua hilo kaburi.

Ununuzi wenyewe tuliufanya Kariakoo. Wawili walivuka kwa boti asubuhi, na orodha mkononi. Duka la kwanza kijana alituwekea kompyuta mezani kabla hatujamaliza salamu.

"Hii hapa i7, bosi. Mashine ya kazi."

"Kizazi cha ngapi, kaka?"

"i7 ni i7 tu, bosi."

Sivyo, na hapa inafaa tukae kidogo, kwa sababu ndugu zetu wengi wanauziwa jina. Core i7-2600 ya mwaka 2011 ina viini 4 na nyuzi 8. Core i3-12100 ya mwaka 2022 ina viini 4 na nyuzi 8 pia, na inaipita mbali kwa kasi. Namba inayofuata kistari ndiyo inayosema umri wa prosesa: 2600 ni kizazi cha pili, 12100 ni cha kumi na mbili. Ukirudi nyuma zaidi, kwenye Core 2 Duo ambazo bado ziko kwenye baadhi ya skuli zetu, utakuta nyingine zina msaada wa mashine pepe na nyingine hazina kabisa, na kwa kuzitazama juu hutambui. Uliza namba kamili, iandike, nenda kaitafute kwenye ukurasa wa mtengenezaji, ndipo urudi na pesa. Muuzaji mzuri hatachukia. Yule kijana wa i7 hakuchukia pia. Alicheka, akatuelekeza duka la tatu upande wa pili wa barabara, na ndiko tulikopata mazabodi ya B550 yenye nafasi nne.

Memori ilitaka subira. Duka moja lilitutolea vipande viwili vya GB 32, kimoja cha kampuni hii na kimoja cha ile, kasi mbalimbali, tukaambiwa havina tatizo. Huenda visingekuwa na tatizo. Lakini vipande visivyolingana vikikosana, kosa lake halionekani kama kosa la memori. Linaonekana kama seva iliyoanguka usiku bila ya sababu, na mwanafunzi anatafuta kosa kwenye kazi yake wiki nzima. Tulizunguka mpaka alasiri tukapata viwili vilivyokuja katika pakiti moja.

Diski haikutuchukua muda, ingawa ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Diski ya kuzunguka ina mkono mmoja unaokimbia huku na huku juu ya sahani, na kila safari moja inachukua karibu sehemu moja ya mia ya sekunde. Mtu mmoja haoni. Mashine kumi na nane zikiamka pamoja, kila moja inauita mkono ule ule upande wake, na nyumba nzima inasimama mlangoni. Kwa hiyo mashine zote tuliziweka kwenye SSD ya NVMe ya TB 1, ambayo haina mkono wala sahani. Hesabu: mtu mmoja GB 40 kwa seva ya Windows, 64 kwa Windows 11, na 30 kwa Linux mbili, jumla 134, wanne ni 536, na mashine za shirika 50. Inabaki nafasi ya kupiga picha ya mashine kabla ya kuiharibu, ili ukishaivunja uirudishe ilivyokuwa kwa dakika moja. Kwa mwanafunzi hilo ndilo lenye thamani kuliko kasi yote. Diski ya kuzunguka ya TB 2 tuliyokuwa nayo kutoka kwenye kompyuta ya zamani tuliiweka ya nakala za akiba, ambako haraka haitakiwi.

Kasha ni la kawaida, limefungwa kwa chujio la vumbi. Pawa saplai ni ya wati 550, na hapo hatukubembeleza bei, kwani kifaa kibovu cha umeme kikifa huondoka na wenziwe. Hapa kwetu hewa ina chumvi, na kila miezi mitatu tunafungua, tunapuliza, na tunatazama kama miguu ya memori imeanza kubadilika rangi.

Umeme ulitaka fikra ya peke yake. Watu wazima wa Unguja hawajasahau mwaka 2008, kisiwa kilipokaa kiza karibu mwezi mzima, wala kile kiza kirefu zaidi cha kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Mambo ya namna ile hayana UPS. UPS ni ya yale madogo ya kila wiki, umeme ukienda na kurudi kabla hujainuka kwenye kiti. Kompyuta ya kawaida ikizimika ghafla unapoteza ulichokuwa unaandika. Hii ikizimika ghafla zinazimika kumi na nane, kila moja katikati ya jambo lake. UPS yetu imeunganishwa na kompyuta kwa waya wa USB, na betri ikifika kiwango tulichoweka, mfumo unaziamrisha mashine zote zijizime kwa adabu, moja baada ya nyingine, kisha mwenye nyumba anajizima mwisho. Tuliijaribu kwa kuchomoa waya ukutani mbele ya bi mkubwa. Alihesabu dakika kwa saa yake ya mkononi.

Usiku wa kwanza hatukuweka mfumo wowote. Tuliwasha programu ya Memtest86+ kutoka kwenye kijiti cha USB, ikapima memori yote mara nyingi mpaka asubuhi, na haikukuta kosa hata moja. Kama kungekuwa na kosa, vile vipande vilikuwa bado na risiti ya jana. Siku ya pili tukaingia kwenye mipangilio ya mazabodi kuwasha msaada wa mashine pepe, ambao kwenye mazabodi za AMD unaitwa SVM na mara nyingi huja umezimwa. Wapo watu waliorudisha prosesa nzima dukani kwa sababu ya kitufe hicho. Kisha tukaweka Proxmox, ambayo imejengwa juu ya Debian na inatumia ile KVM tuliyoitaja, na haidai malipo. Seva za Windows tunatumia toleo la majaribio ambalo Microsoft hulitoa kwa siku 180, na likiisha tunajenga upya kutoka mwanzo, jambo ambalo nalo ni zoezi.

Mmoja wa wale wawili wa usaili sasa anafanya kazi. Mwengine bado, na jioni yuko hapa. Mwanzoni mwa mwaka huu tuliwafungulia wanafunzi wa darasa la juu, na hapo ndipo vyumba vilipoanza kugombaniwa. Tulikuwa tumepanga kuongeza vipande viwili zaidi ili tufike GB 128, lakini mwishoni mwa mwaka 2025 bei ya memori ilipanda sana dunia nzima, kwa vile viwanda vilielekeza nguvu zake kwenye memori za mashine za akili mnemba, na bei tuliyotajiwa safari hii ilitufanya tumwombe muuzaji arudie. Nafasi mbili zimebaki tupu. Kwa hiyo tumebandika karatasi mlangoni. Mwanafunzi anayetaka mashine aandike jina, kazi anayotaka kuifanya, na GB anazohitaji. Nasi tutatazama ni mashine gani ya kwetu wanne izimwe jioni hiyo. Mpaka tunaandika, karatasi ina majina kumi na moja, na wa kwanza ameomba GB 32 peke yake. Tutazungumza naye Jumamosi.